Mashua ndogo za doria: namna mpaka wa Ziwa Kivu unavyolindwa

Kwa nchi kavu, kila mkaaji wa Goma anajua mpaka uko wapi. Kwenye Petite Barrière, mama wauzaji wanapanga mstari tangia asubuhi na jeto mkononi, DGM wanaangalia karatasi, DGDA wanaangalia mizigo, watu wa hygiène wanaangalia mikono. Kwenye Grande Barrière ni vilevile, ila magari ni mengi kuliko miguu. Lakini ukitoka Grande Barrière ukashuka mita kidogo tu hadi majini, vyote vinaisha. Hakuna bariera, hakuna waya, hakuna jiwe lenye kuandikwa jina la nchi. Mpaka unaingia ndani ya Ziwa Kivu na unaendelea hadi Bukavu, na jicho la mtu haliwezi kuuona.

Sehemu hiyo ya mpaka inalindwa na mashua ndogo za doria. Watu wengi wanaziona zikipita, wanasikia moteri usiku, ao wanasikia kwamba wavuvi wamekamatwa. Zinafanya nini hasa, zilitoka wapi, na sababu gani mara nyingi zinaleta ugomvi pahali pa usalama?

Tuanze na kitu chenyewe. Mashua ya doria si meli ya vita. Meli ya vita ina makumi ya metre na inabeba watu mia na zaidi. Mashua ya doria ni chombo chepesi, mara nyingi chini ya metre 15, chenye kubeba watu wanne hadi kumi, bunduki moja ya rashasha mbele ao hakuna kabisa, redio, taa kubwa ya kumulika na moteri moja ao mbili nyuma. Kazi yake si kupigana. Ni kuonekana, kusimamisha wengine, kuangalia karatasi na mizigo, na kurudi. Kwa pwani za bahari, nchi zinaongeza vyombo vikubwa zaidi: Kenya, kwa mfano, ilipoanzisha kikosi cha walinzi wa pwani mwaka wa 2018, ilikipa meli ya metre 54 yenye kuitwa Doria. Hapa kwetu chombo kama hicho hakiwezi kufika. Si kwa sababu ya feza tu.

Sababu ni ziwa lenyewe. Ziwa Kivu liko kwenye metre 1,460 juu ya bahari, limefungwa katikati ya milima. Maji yake yanatoka kwa mto mmoja tu, Ruzizi, unaoshuka kwenda Ziwa Tanganyika, na mto huo una maporomoko na vizuizi vya umeme. Hakuna chombo kinachoweza kuupanda. Kwa hiyo kila mashua yenye kuelea Goma, Minova, Idjwi ao Gisenyi ilifika kwa lori, ilifika kwa ndege, ao ilitengenezwa hapahapa kando ya maji. Ndiyo maana mashua za doria za Kivu ni ndogo: kanoti za mpira zenye sakafu ngumu, mashua za aluminiamu, za faiba, wakati mwingine hata mashua ya mbao yenye kufungwa moteri nzuri.

Urefu huo wa milima unaleta jambo lingine ambalo mafundi wa moteri wanalijua vizuri. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani, na moteri ya petroli inahitaji hewa ili kuunguza mafuta. Moteri iliyoandikwa farasi 40, ikifika Goma, inapoteza karibu sehemu 15 kwa 100 ya nguvu yake. Mashua ikijaa watu, silaha na bido za mafuta, inakuwa nzito, haipandi tena juu ya mawimbi, na ile kasi iliyoahidiwa kwa karatasi haionekani.

Ziwa lina zaidi ya kilometa za mraba 2,300, na sehemu kubwa iko upande wa Kongo. Fasi fulani kina chake kinakaribia metre 480. Katikati kuna kisiwa cha Idjwi, ambacho ni cha Kongo, na visiwa vingine vidogo vya pande zote mbili. Upepo wa mchana unaweza kusimamisha mawimbi kwa dakika chache, hasa msimu wa mvua. Mtu wa doria anahesabu hayo yote mbele ya kuhesabu adui.

Mstari wa mwaka 1910

Mpaka huu haukuwekwa na wakaaji wa kandokando. Mbele ya wazungu, watu wa Idjwi, wa Buhavu, wa Bugoyi na wa Kinyaga walivuka maji kwa pirogi kwa soko, kwa ndoa na kwa vita pia. Kisha Ujerumani ilikuwa na Rwanda, Ubelgiji ilikuwa na Kongo, na kila mmoja alidai Kivu ni yake. Waligombana miaka mingi. Tarehe 11 mwezi wa nane 1910 walitia sahihi mapatano kule Brussels: Idjwi ikabaki kwa Wabelgiji, Gisenyi ikabaki kwa Wajerumani, na mstari ukachorwa ndani ya maji. Goma ilikua kama kituo cha Wabelgiji chenye kutazamana na kile cha Wajerumani, karibu sana hivi kwamba mtu wa upande huu anaweza kusikia ngoma za upande ule.

Mapatano hayo hayakufikisha hata miaka mitano ya amani. Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza, Wajerumani walivuka maji na kuchukua Idjwi mwezi wa tisa 1914. Wabelgiji waliirudisha mwaka wa 1916. Hapo ndipo ziwa letu lilifundisha somo ambalo halijabadilika: mwenye chombo chenye moteri na bunduki, hata kidogo, ndiye mwenye kisiwa.

Lakini hadithi kubwa ya mashua ndogo ilitokea kusini, kwenye Ziwa Tanganyika. Mwaka wa 1914 Wajerumani walikuwa na nguvu kule. Waliharibu mashua ya Wabelgiji yenye kuitwa Alexandre Delcommune, na hakuna aliyewasumbua tena. Waingereza wakatuma mashua mbili za moteri, kila moja karibu metre 12 kwa urefu, zenye kuitwa Mimi na Toutou. Zilisafiri kwa meli hadi Afrika Kusini, zikapanda treni hadi Fungurume, Katanga. Kutoka hapo reli ya kuzifaa haikuwapo. Zilivutwa na trakta za mvuke na ng'ombe kupita milima ya Mitumba, barabara ikikatwa mbele yao, kiisha zikaingia tena kwa treni na kwa mto Lualaba mpaka pembeni ya Kalemie ya leo. Wakongomani wengi walifanya kazi hiyo ya kukata miti, kujenga madaraja na kuvuta. Vitabu vya Ulaya vinataja zaidi majina ya maofisa, hasa Geoffrey Spicer-Simson aliyewaongoza.

Zilitiwa majini mwisho wa mwezi wa 12 mwaka 1915. Siku ya 26 ya mwezi huo zilikamata mashua ya Wajerumani, Kingani. Tarehe 9 mwezi wa pili 1916 zikazamisha nyingine, Hedwig von Wissmann. Meli yao kubwa, Graf von Götzen, Wajerumani wenyewe waliizamisha mwezi wa saba 1916 wasije wakaiacha kwa maadui. Ilinyanyuliwa baadaye, ndiyo Liemba ambayo wasafiri wa Kigoma wanaifahamu. Vyombo viwili vyenye kubebwa kwa ng'ombe viligeuza ziwa zima.

Miaka 50 kisha, Tanganyika iliona doria tena. Mwaka wa 1965 Che Guevara na Wakuba wake walivuka kutoka Kigoma kuja kusaidia waasi wa upande wa Fizi. Serikali ya Léopoldville, ikisaidiwa na Wamarekani, iliweka mashua za kasi zenye bunduki kukata njia ya silaha na chakula. Che aliondoka mwezi wa 11 mwaka ule kwa maji, usiku, akiogopa kukutana nazo.

Kisiwa cha Iwawa

Kwa Ziwa Kivu, mwaka ambao pande zote mbili zinaukumbuka ni 1995. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, wakimbizi karibu milioni moja walikuwa kwenye kambi za kandokando ya Goma, na kati yao askari wa jeshi la zamani la Rwanda na Interahamwe. Sehemu yao walijificha kwenye Iwawa, kisiwa kidogo cha Rwanda ambacho kiko kati ya Gisenyi na Idjwi, wakitayarisha mashambulizi. Mwezi wa 11 mwaka 1995 jeshi la Rwanda lilivuka maji na kukichukua kwa mapigano makali. Leo Iwawa ni fasi ambapo Rwanda inapeleka vijana wa mitaani kujifunza kazi na kuacha madawa.

Ukitaka kuelewa sababu gani jeshi la Rwanda lina kikosi cha maji kwa nchi isiyokuwa na bahari, na sababu gani kikosi hicho kinaangalia kila pirogi yenye kutoka Kongo usiku, anza hapo. Hii haisemi kwamba kila mvuvi anayekamatwa ana hatia. Inasema tu kwamba askari mwenye kukaa mbele ya kanoti hafikirii samaki kwanza.

Upande wa Kongo, kazi hiyo ilikuwa ya jeshi la maji la FARDC, Force Navale, pamoja na polisi wa ziwa. Na bandarini unawakuta wengine tena: commissaire wa ziwa, DGM, DGDA, ujasusi. Walinzi wa amani wa Umoja wa Mataifa nao walifanya doria. Kwa miaka mingi ni Wauruguay waliokuwa na mashua zao kwenye Kivu. MONUSCO ilifunga kazi yake Kivu ya Kusini mwezi wa sita 2024. Tangia AFC/M23 ilipoingia Goma tarehe 27 mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu katikati ya mwezi wa pili, wenye kuamuru kwenye bandari hizo mbili wamebadilika. Mstari wa 1910 haukuhama.

Usiku mmoja wa doria

Watu wanafikiri doria ni kuzunguka ziwa zima bila kupumzika. Hesabu ndogo inaonyesha haiwezekani. Moteri ya farasi 40 ikisukumwa kwa nguvu yote inakula litre 15 na zaidi kwa saa moja. Mashua yenye moteri mbili, kwa saa tatu tu, inamaliza karibu litre 90. Piga mara siku 30, kisha uliza bei ya litre moja pale Goma, hasa wakati barabara zimefungwa. Hakuna kikosi kinachopata mafuta hayo kila usiku.

Kwa hiyo doria nyingi ni kungoja. Mashua inatoka, inafika fasi yenye kujulikana, karibu na kisiwa ao kwenye njia ya pirogi, inazima moteri na taa. Usiku ziwa linapotulia, sauti inatembea mbali juu ya maji. Moteri ya mbali inasikika mbele ya kuonekana. Wakisikia, wanawasha, wanakimbia, wanamulika taa. Kanoti nyepesi inaweza kupita kilometa 40 kwa saa. Pirogi ya makasia haifiki hata sita. Mwenye pirogi hana la kufanya isipokuwa kusimama.

Wenye kuzoea maji wanajua namna ya kusimama. Kata moteri mara moja. Washa tochi, ujimulike mwenyewe na chombo chako, si kuwamulika askari machoni. Watu wote wakae, mikono ionekane. Usitupe kitu majini, hata kama ni takataka, sababu kitu chenye kutupwa gizani kinafanana na silaha ao na mizigo ya magendo. Karatasi za chombo, za wavuvi, na orodha ya wasafiri ziwekwe kwa mfuko mmoja usioingia maji, si kila mtu kutafuta yake huku mashua inayumba. Watu wamepigwa risasi kwa sababu tu ya kukimbia.

Kwa sheria, mashua ya doria inapaswa kusimama kwenye mstari. Askari wa nchi moja hana haki ya kufuata mtu ndani ya maji ya nchi nyingine isipokuwa nchi hizo zimepatana. Ndani ya ziwa, mstari unaonekana tu kwa GPS. Mwenye doria anayo. Mvuvi kwa kawaida hana. Basi ugomvi ukitokea kuhusu nani alivuka, ushahidi uko mikononi mwa upande mmoja tu.

Sambaza hawana utaifa

Samaki wakubwa wa biashara ya Kivu ni sambaza, wadogo wa rangi ya feza. Hawakuzaliwa humu, waliletwa kutoka Tanganyika mwisho wa miaka ya 1950 sababu Kivu ilikuwa na samaki kidogo. Wanavuliwa usiku, giza la mwezi, kwa taa. Wavuvi wanafunga pirogi tatu pamoja na miti mirefu, wavu unaning'inia kati, taa inavuta samaki juu, na watu wanapiga kasia wakiimba. Ni picha nzuri. Watalii wanaipiga kila jioni. Kwa mlinzi wa mpaka ni chombo kipana, kizito, chenye kwenda polepole na chenye kusukumwa na upepo bila kujua.

Mvuvi anayetoka Goma jioni anafuata samaki, na samaki wanafuata chakula chao. Saa nane ya usiku anaweza kuwa kilometa mbili ao tatu kutoka fasi aliyoanzia bila kupiga kasia hata moja. Taa zenyewe zinamfanya asione kitu nje ya duara la mwangaza wake. Ukiongeza kwamba Rwanda inafunga uvuvi karibu miezi miwili kwa mwaka ili sambaza wazaane, wakati upande wa Kongo watu wanaendelea, unaelewa kishawishi: maji ya ng'ambo yanakuwa matulivu na yamejaa. Wengine wanapotea kweli. Wengine wanajua vizuri wanakoenda. Askari hawezi kuwatenganisha gizani, na wote wanapelekwa Gisenyi.

Kinachofuata kinaumiza jamaa kuliko kifungo chenyewe. Nyavu, taa na moteri vinabaki. Seti nzima ya uvuvi mara nyingi ni ya mtu mwingine, mwenye kukodisha, ao ilinunuliwa kwa deni la likelemba. Mvuvi anarudi baada ya siku kadhaa mikono mitupu, na deni liko palepale.

Kaskazini, kwenye Ziwa Edouard, mambo yalifika mbali zaidi. Ziwa lile liko 71 kwa 100 upande wa Kongo, na wavuvi wa Vitshumbi, Kyavinyonge na Nyakakoma wanaishi ndani ya Mbuga ya Virunga kwa ruhusa ya uvuvi tu. Tangia mwaka wa 2017 Uganda iliwapa wanajeshi wake kazi ya kukomesha uvuvi haramu, na Wakongomani makumi kwa makumi walianza kukamatwa. Mwezi wa saba 2018 mashua za jeshi la Uganda na za jeshi la maji la Kongo zilipigana risasi ziwani; wanajeshi na raia walikufa. Kila upande ulisema mwingine ndiye alivuka. Mwaka uleule nchi mbili zilitia sahihi mapatano ya uvuvi kwa maziwa Edouard na Albert. Kwenye Ziwa Albert nako, mwezi wa nane 2007, risasi za karibu na kisiwa cha Rukwanzi zilimuua mtaalamu wa kampuni ya mafuta, na marais Kabila na Museveni wakakutana Ngurdoto, Tanzania, mwezi uliofuata. Lile la Albert lilikuwa na petroli chini yake. Labda ndiyo sababu marais walikutana haraka.

Kahawa, sachet na njia za usiku

Magendo ya Kivu hayafanani na ya sinema. Ndiyo, madini yanavuka, na ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zimeyataja mara nyingi. Lakini kwa miaka mingi mzigo mkubwa wa usiku kwa watu wa Idjwi na wa Kalehe ulikuwa kahawa. Wakulima hawakuwa na mnunuzi mzuri upande wa Kongo, barabara zilikufa, vita havikuisha. Walijaza magunia ndani ya pirogi, wakavuka kwenda Rwanda kuuza ao kubadilisha na chumvi, sabuni, nguo. Walivuka usiku kwa sababu ya doria za pande mbili. Na usiku ndipo upepo uliwakuta wakiwa wamejaza kupita kiasi. Wengi walizama, kwenye Idjwi utakuta wajane wa kahawa. Kilichopunguza safari hizo si moteri zenye nguvu zaidi za doria. Ni vyama vya wakulima, Sopacdi kule Minova tangia 2003, na vingine vilivyofuata Idjwi, vilivyojenga vituo vya kuosha kahawa na kuleta wanunuzi mpaka nyumbani.

Kwenda upande ule kunapita pia vitu vidogo ambavyo hapa hakuna anayevihesabu kuwa kosa. Rwanda ilikataza sachet za plastiki tangia 2008. Bunda la sachet la kawaida kabisa hapa Goma, ukiingia nalo maji ya ng'ambo, ni magendo.

Mashua ileile inapohitajika kuokoa

Kwa bahari za nchi nyingi, kikosi cha doria ndicho kikosi cha kuokoa. Ndicho chenye moteri iliyo tayari, redio, taa na watu wenye kuamka usiku. Kwa Ziwa Kivu kazi hiyo ya pili imebaki nyuma, na hapo ndipo watu wengi wanakufa, kuliko kwa risasi.

Mwezi wa nne 2019 mashua ilizama upande wa Kalehe. Rais Tshisekedi alitangaza watu karibu 150 hawaonekani, na akaamuru kila msafiri avae jile ya kuokoa. Jile zilionekana kwa wingi miezi michache. Kisha mwezi wa pili 2024 vita vilikata barabara ya Sake na Minova pale Shasha, na Goma ikaanza kula kwa njia ya maji. Maharagwe, mihogo, makala, ndizi, watu, wote kwa mashua. Bandari ya Kituku ilijaa kuliko siku zote.

Tarehe 3 mwezi wa kumi 2024, mashua MV Merdi iliyotoka Minova ilipinduka karibu kabisa na Kituku, watu wa pwani wakitazama. Gavana wa Kivu ya Kusini alisema ilikuwa na watu 278 na kwamba 78 wamekufa. Hesabu ya miili iliyopatikana Goma ilitolewa kuwa 34. Orodha ya wasafiri yenye kuaminika haikuwapo, na ndiyo maana hesabu hazikupatana. Chombo kilikuwa kimejaa kupita kiasi. Tuseme wazi: chombo hicho kilitoka bandari yenye maofisa, kikapita ziwa lenye doria, kikafika mbele ya bandari nyingine yenye maofisa. Kuangalia kama mstari wa maji kwenye ubavu wa mashua umezama hakuhitaji GPS wala bunduki.

Karibu miezi minne kisha, usiku wa kuamkia tarehe 27 mwezi wa kwanza 2025, kila kitu chenye kuelea Goma kilikuwa na bei. Minova ilikuwa imeanguka tarehe 21, barabara zilifungwa, na watu walikimbia kwa maji kuelekea Bukavu, raia na askari pamoja, maofisa kati yao. Vyombo vya doria viligeuka vyombo vya kukimbia.

Kwa sasa, mvuvi wa sambaza anayetaka kujua mahali alipo ana chombo kimoja ambacho askari hawezi kumnyima: simu. Simu nyingi za kisasa zinashika GPS hata bila mtandao na bila megabytes, mradi ramani iliwekwa mbele ya kutoka. Baadhi wanaitumia hivyo, wanatia alama fasi walipoanzia na kuangalia kila saa kama upepo umewasukuma. Tatizo ni maji. Wanaifunga ndani ya sachet mbili, moja juu ya nyingine, na tayari tumesema sachet ni nini ng'ambo ile.